Mtu Aliyeganda Juani

Ipo nchi moja ambayo msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani, kwa kuwa ramani zake zilichapishwa nje na bado zimekwama bandarini. Ni nchi nzuri, yenye amani. Jua lake ni kali kiasi kwamba mijusi husimama kwa kupokezana miguu, na wananchi wake ni wavumilivu mno, sifa ambayo viongozi wao huitaja katika kila hotuba, wenyewe wakiwa wamekaa chini ya turubai.

Nchi hiyo ina Sheria ya Usalama Kazini, na si haba, maana jirani zake hawana. Ilipatikana hivi. Ujumbe mzito ulitumwa katika nchi rafiki ya kaskazini kwenda kujifunza jinsi wenzao wanavyowalinda wafanyakazi. Wajumbe wakakaa huko msimu mzima wa baridi, wakala, wakanywa, wakapigwa picha, na siku ya kuondoka wakakumbuka kilichowapeleka. Wakaomba nakala ya sheria ya wenyeji wao. Ndani ya ndege wakalifuta jina la nchi ile na kuandika la kwao. Kazi hiyo iliwachosha, na kila mmoja akalipwa posho ya kufikiri.

Bunge liliipitisha kwa makofi. Mbunge mmoja mzee aliomba afafanuliwe neno "theluji", kwa kuwa aliliona karibu katika kila ukurasa. Waziri akasimama, akafunga kifungo cha koti, akajibu kwamba hilo ni suala la kitaalamu na serikali inalifanyia kazi. Mbunge akashukuru kwa majibu mazuri na akakaa.

Tangu siku hiyo, kila mfanyakazi wa nje anavaa koti la sufu linalofungwa mpaka kidevuni, na kofia ya kuziba masikio. Anapewa chai ya moto mara kwa mara, atake asitake. Maji ya baridi ni marufuku kazini, kwa kuwa sheria inasema yanahatarisha uhai. Na kazi itasimamishwa mara moja theluji itakapofika magotini. Ili jambo hili lisije likapuuzwa, mkaguzi wa serikali hufika kila asubuhi na rula yake, anaichomeka ardhini, anainama kuisoma, kisha anawatangazia vibarua: "Sifuri. Hali ni salama. Chapeni kazi."

Sikitu aliijua sheria hii kwa ngozi yake. Yeye na mumewe, Chande, walikuwa vibarua katika barabara ya lami iliyokuwa inajengwa kutoka mjini hadi kwenye shamba la mbuzi la Waziri. Sikitu alisambaza kokoto kwa reki. Chande alikoroga lami kwenye pipa, moto ukiwa chini, jua juu, na koti katikati. Jioni walipovua makoti yao walikuwa wakiyakamua, kisha wanakwenda kumchukua binti yao, Mwaka, kwa bibi yake. Mtoto alikuwa akiziba pua na kuwaambia wananuka kondoo.

Siku yenyewe ilianza kama siku nyingine. Rula ilichomekwa, sifuri ikatangazwa. Kufika saa sita mchana, Sikitu aliona mumewe ameacha kutokwa na jasho. Uso wake ulikuwa mkavu, mwekundu kama tofali.

"Sikitu," Chande alimwita, "hivi nani kaipinda hii barabara?"

Barabara ilikuwa imenyooka. Sikitu alitupa reki na kukimbia, lakini mumewe alikuwa ameshaanguka kando ya pipa, meno yakigongana.

Nyapara wao, Ngwali, alikuja na blanketi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye kibarua na watoto, na hilo lilitosha kumfanya afuate sheria kuliko walioiandika.

"Mfunike, shemeji," alisema. "Mfunike upesi, mkaguzi hajafika mbali."

"Ngwali, huyu anaungua."

"Najua. Hata mimi naungua. Lakini sheria inasema anayeanguka afunikwe, asuguliwe mikono, asogezwe karibu na moto."

Sikitu alianza kuvifungua vifungo vya koti la mumewe, na vilikuwa vingi, kwa sababu huko vilikotoka upepo hupenya hata tundu la sindano. Akaomba maji, Ngwali akasema maji ya baridi ni marufuku. Maji yalikuwepo, tena mengi, tena ya baridi, ndani ya tangi la shindilia. Lile gurudumu la chuma lililosawazisha lami lilimwagiwa maji kutwa nzima lisipate moto, kwa kuwa shindilia ni mali ya serikali na ikiharibika hakuna nyingine. Sikitu akakinga ndoo kwenye tangi lile, akammwagia mumewe kichwani, kifuani, makwapani, mpaka Chande akafumbua macho na kuuliza wako wapi. Ngwali alisimama kando akitazama upande mwingine, kisha akaandika taarifa kwamba kibarua wa kike ametumia vibaya maji ya mashine. 

Katika hospitali ya kawaida daktari kijana aliyekuwa zamu alimtazama Chande, akautazama mkojo wake uliokuwa mweusi kama chai ya mkandaa isiyotiwa maziwa, akamvuta Sikitu pembeni.

"Mama, joto limempika mumeo kwa ndani. Figo zimegoma. Anahitaji mashine ya kusafisha damu, na hapa hatuna. Nchi nzima ipo moja, Hospitali ya Wafanyakazi."

"Basi mpelekeni. Si mfanyakazi?"

"Wanapokea walioumia kazini tu, na aliyeumia kazini ni yule ambaye Tume ya Fidia imesema ameumia kazini. Nenda Tume. Nenda leo, mama, usilale."

Tume ya Fidia ilikuwa katika jengo refu la vioo. Sikitu alipofungua mlango alipigwa na baridi iliyomfanya akunje mabega. Mashine za kupoza hewa zilivuma kila kona, na makarani walivaa makoti na skafu, wakipuliza viganja vyao. Humo ndani, ni haki isemwe, sheria ilikuwa ikifanya kazi vizuri kabisa.

Karani aliyempokea aliitwa Fikirini, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Karibu. Nani kaganda?"

Sikitu akamweleza. Fikirini alimsikiliza mpaka mwisho kwa huruma ya kweli, kisha akafungua orodha ya majeraha yanayotambuliwa na kuanza kuisoma kwa sauti, taratibu, ili asije akamdhulumu mtu. Yalikuwepo kuganda vidole, kuganda pua, kufukiwa na theluji, kuteleza kwenye barafu, na kushambuliwa na dubu.

"Kuna dubu?" Sikitu aliuliza.

"Wamo kwenye sheria."

"Na jua?"

"Jua halimo, mama. Nimeshaangalia mara nyingi. Wewe si wa kwanza kuniuliza. Kila mwaka wanakuja, wakati huu huu. Wengine huwa wamewaleta wagonjwa wenyewe kwenye toroli."

Sikitu alikaa. Alikuwa amezoea kuambiwa hapana, lakini hapana hii ilikuwa nzito kuliko nyingine, kwa kuwa iliwahi kusemwa kwa watu wengi na mzee huyu aliisema kwa adabu. Akaomba kumwona mkubwa.

Mkubwa alikuwa Mheshimiwa Kamishna Kilindo, mtu mnene wa sura ya furaha, aliyekuwa miongoni mwa wale wajumbe wa kaskazini na ambaye hajaacha kukohoa tangu arudi. Alimpokea Sikitu akiwa amesimama, kwa sababu alipenda kuhutubia hata mtu mmoja.

"Mama yangu, serikali yako inakupenda. Lakini lazima tutenganishe ajali na mazingira. Joto si ajali. Joto ni mazingira. Mwananchi wa nchi hii kudai kwamba joto limemuumiza ni sawa na samaki kuja ofisini kwangu kudai kwamba maji yamemlowesha. Nitamlipaje samaki? Na jua, mama, jua limo kwenye bendera yetu. Unataka Tume iandike kwamba kitu kilichomo kwenye bendera kimemdhuru raia? Hilo si ombi la fidia tena. Hilo ni suala la usalama wa taifa."

"Mheshimiwa, siombi fidia. Naomba kitanda. Mashine ipo na mume wangu anakufa."

"Vitanda vipo vingi," Kamishna alisema kwa fahari. "Vyote vitupu. Tunavifuta vumbi kila Ijumaa. Hiyo ndiyo sifa ya sheria yetu: tangu ipite, hakuna mfanyakazi hata mmoja aliyeumia."

Fikirini alimsindikiza hadi kwenye ngazi. Hapo akatazama huku na huku, akavua miwani.

"Mwanangu," alisema, "ukisema kaungua, atafia huko aliko. Ukisema kaganda, leo hii anafuatwa na gari la wagonjwa. Mimi sijakwambia kitu."

"Niape uongo?"

"Sijakwambia kitu."

Sikitu alisimama kwenye ngazi ile akiwa na hasira asiyojua aielekeze wapi. Hajawahi kuiba hata kiberiti cha watu. Lakini aliufikiria ule mkojo mweusi, akafikiria jinsi Chande alivyouliza nani kaipinda barabara, akarudi ndani. Akasema mumewe ameganda.

Jengo zima lilitetemeka kwa furaha. Tume haijawahi kupata mtu aliyeganda, na wafadhili wa kaskazini walikuwa wameanza kuuliza maswali ya kuudhi kuhusu fungu la walioganda linakwenda wapi. Kamishna mwenyewe alikuja kumwapisha, nyuma yake wapiga picha. Sikitu akainua mkono.

"Unaapa kwamba mumeo, akiwa kazini, aliganda kwa baridi?"

"Naapa."

"Theluji ilikuwa na kina gani, mama?"

Sikitu hakuwahi kuiona theluji hata kwenye picha. Alimtazama Fikirini, naye akajikuna goti. Sikitu akashusha mkono mpaka kwenye goti lake mwenyewe. Wapiga picha wakampiga akiwa ameinama hivyo, na picha hiyo ilitoka magazetini kesho yake ikiwa na maneno: *Serikali Yamfikia Mnyonge*.

Gari la wagonjwa lilikwenda likipiga king'ora. Chande akafikishwa Hospitali ya Wafanyakazi, kwenye sakafu inayong'aa, na Sikitu alipouona mlango ulioandikwa "Mashine ya Kusafisha Damu" alishika ukuta na kulia. Alidhani ameshinda.

Lakini kitanda cha magurudumu alicholazwa Chande kilipita mlango ule bila kusimama. Kikaingia wodi ya mwisho, na hewa iliyotoka humo ilikuwa kama ya tanuri la mkate. Hita zilipangwa ukuta kwa ukuta, zote zinawaka. Kitanda kilikuwa na mablanketi ya manyoya na chupa za maji ya moto.

"Hapana," Sikitu alimwambia muuguzi. "Mashine. Amekuja kwa ajili ya mashine."

Muuguzi aliitwa Sista Mbonea. Alikuwa na taulo shingoni la kufutia jasho.

"Mashine atapata, dada. Ila karatasi yake inasema ameganda. Aliyeganda hagusi mashine mpaka ayeyuke kwanza. Ndiyo utaratibu. Tunampasha moto, daktari mkuu anathibitisha kwamba ameyeyuka, ndipo tunaendelea."

"Sista, mguse. Mguse tu paji la uso."

Mbonea akamgusa. Akautoa mkono wake haraka. Wanawake wawili wakatazamana.

"Daktari mkuu yuko wapi?"

"Yuko kwenye semina ya barafu. Atakuja na wageni."

Kutwa ile Mbonea alifanya alichoweza. Akisikia viatu kwenye korido anawasha hita. Viatu vikipita anazima. Sikitu aliyatupa mablanketi chini ya kitanda, akampepea mumewe kwa upande wa kanga. Chande alizinduka kidogo, akanyweshwa maji kwa kijiko. Akasema ana njaa. Akauliza habari za Mwaka. Sikitu akaanza tena kuamini kwamba wangevuka.

Kisha wageni wakaja. Kamishna, Waziri wa Kazi, balozi wa nchi rafiki aliyeombwa aje aone matunda ya msaada wake, daktari mkuu, na kamera. Kabla yao walikuja watu wa itifaki, wakakuta hita zimezimwa na mgonjwa yuko wazi. Wakamkaripia Mbonea, wakawasha hita zote hadi mwisho, wakamfunika Chande mpaka kidevuni ili apendeze kwenye picha.

Waziri alianza kuhutubia. Alianza na salamu, na salamu zenyewe zilikuwa za kila mtu kwa cheo chake. Akaja kwenye historia ya nchi. Akaja kwenye historia ya baridi duniani. Katika nchi ile mgeni rasmi akiwa anazungumza hakuna anayesogea, hakuna anayekohoa isipokuwa Kamishna, ambaye alikuwa na ruhusa. Jasho lilitiririka kwenye mashavu ya balozi mpaka kola yake ikalegea, naye akaendelea kutabasamu.

Sikitu aliona mdomo wa Chande ukichezacheza. Akamwona anageuza macho. Akavuta blanketi, mtu wa itifaki akalirudisha. Akalivuta tena.

"Anakufa," alisema.

"Mama, mheshimiwa anazungumza."

"Anakufa, nawaambia. Zimeni hivi vitu."

"Mama, tafadhali. Subiri makofi."

Mbonea alichepuka kuelekea kwenye swichi, naye akashikwa mkono. Waziri alisikia minong'ono, akaichukulia kuwa shukrani, akainua sauti. Alisema serikali haitapumzika mpaka kila mfanyakazi awe amepata joto. Makofi yakapigwa. Yalikuwa marefu, kwa sababu kila mmoja aliogopa kuwa wa kwanza kuacha, na yalipokwisha Chande alikuwa amekufa.

Hakufa kwa bahati mbaya. Hakufa kwa mapenzi ya mtu yeyote wa mbinguni. Aliuawa na watu waliokuwa wanapiga makofi, na mashine ya kumponya ilikuwa upande wa pili wa ukuta, imefunikwa kitambaa safi isipate vumbi.

Daktari mkuu alimpima, akaandika kwamba mgonjwa amefariki baada ya kuyeyuka kikamilifu.

Serikali ilisikitika sana, na kwa kuwa masikitiko bila sherehe hayaonekani, ikaandaa mazishi ya kitaifa. Chande akapewa jina la Shujaa wa Baridi. Ikatangazwa kwamba kutokana na msiba huo, na ili yasitokee tena, kila mfanyakazi wa nje atavaa makoti mawili. Vibarua wa barabara ya lami walipangwa mstari makaburini, makoti mawili mawili, jua la saa saba likiwa utosini. Ngwali alikuwa mbele yao. Sikitu alivalishwa koti jeusi la sufu la mjane, zawadi ya Tume.

Kamishna akamwita kwenye kipaza sauti. Alikuwa ameshaandikiwa shukrani zake, na mtu wa itifaki alisimama nyuma akimnong'oneza neno la kwanza: "Naishukuru."

Sikitu akashika kipaza sauti. Akawatazama wale wa mstarini, wengine wakiyumba. Mmoja, kijana aliyechukua nafasi ya Chande kwenye pipa, alikuwa ameacha kutokwa na jasho.

"Mume wangu hakuganda," alisema. "Nilidanganya. Nilidanganya ili apate kitanda. Hakuna aliyewahi kuganda katika nchi hii. Aliuawa na joto. Aliungua barabarani ndani ya koti lenu, akiwa anapewa chai, na maji yanamwagiwa shindilia. Mkamchukua mkammalizia hospitalini mbele ya macho yangu. Mnajua. Wote mliokaa hapo mnajua, maana mnatokwa jasho. Na wewe kijana wa mwisho pale, vua hilo koti, utakufa."

Kipaza sauti kilizimwa hapo, lakini kwa kuchelewa, kama kila kitu kingine cha serikali ile. Yule kijana alikuwa ameshavua. Sikitu akakamatwa kaburini kwa mumewe, udongo bado mbichi, kwa kosa la kuapa uongo mbele ya Kamishna.

Kesi ilisikilizwa haraka, kwa kuwa safari hii serikali ilikuwa na haki, jambo ambalo halitokei mara nyingi, na mawakili wake hawakutaka kupoteza nafasi. Ilibidi wathibitishe kwamba Sikitu aliapa uongo. Ili kuthibitisha hivyo, ilibidi waonyeshe kwamba Chande hakuganda. Wakaifanya kazi hiyo kwa umahiri ambao haujapata kuonekana.

Wakamleta mkaguzi na rula yake, akaapa kwamba siku hiyo theluji ilikuwa sifuri, na kwamba tangu aajiriwe haijawahi kuwa kitu kingine. Wakamleta daktari kijana, akaeleza jinsi joto linavyopika figo. Wakamleta Sista Mbonea, akasema alimgusa marehemu na mkono ukamuuma. Wakamleta Ngwali. Huyu alisimama kizimbani akitazama viatu vyake.

"Alianguka kwa jua," alisema. "Nilikuwepo. Kulikuwa na maji nikamnyima. Shemeji ndiye aliyemmwagia."

Wakili wa serikali akamshukuru kwa ushahidi mzuri.

Hakimu alikuwa mtu aliyejivunia lugha yake, na hukumu aliisoma amesimama. "Mahakama hii," alisema, "imeridhika pasipo chembe ya shaka kwamba marehemu hakuganda. Marehemu aliumizwa na joto la jua akiwa kazini, akiwa amevaa koti aliloamriwa na sheria, akiwa amenyimwa maji aliyokatazwa na sheria, na umauti ukamkuta katika joto la wodi. Kwa hiyo mshitakiwa alidanganya. Kwa hiyo ana hatia."

Mahakama ilijaa vibarua. Walikaa wamevaa makoti mawili mawili.

"Una la kusema kabla ya adhabu?" hakimu aliuliza.

"Naomba urudie, mheshimiwa," Sikitu alisema. "Pale pa marehemu. Wengine wako nje hawakusikia."

Hakimu alifurahi kuona mshitakiwa anayethamini lugha. Akaamuru madirisha yafunguliwe, akarudia, kwa sauti kubwa zaidi, neno kwa neno. Sikitu akahukumiwa kifungo na akatoka na askari bila kuinamisha kichwa. Ukumbini vibarua wakaanza kuvua makoti, wakiyaacha juu ya mabenchi, na karani wa mahakama hakujua ayaandikishe kama vielelezo au kama takataka.

Wiki haikuisha. Asubuhi moja Fikirini alifungua mlango wa Tume akakuta foleni. Wajane, watu wenye mikongojo, watu waliobebwa kwenye machela, na kila mmoja alikuwa na nakala ya hukumu mkononi. Mahakama ya Jamhuri imesema joto huumiza mfanyakazi, walisema, na serikali yenyewe ndiyo iliyoleta mashahidi. Fikirini aliwapokea mmoja mmoja. Alipofika mtu wa kumi hivi alivua skafu yake, akaitundika, na akaacha kuuliza nani kaganda.

Huko juu, Kamishna Kilindo hakulala. Wanasheria walimweleza kwamba njia ilikuwa moja. Mfungwa akubali kwamba maneno ya makaburini aliyasema kwa uchungu wa msiba, na kwamba kile kiapo cha kwanza kilikuwa kweli. Hapo hana kosa, hukumu inafutwa, na kila kilichoandikwa ndani yake kinafutika.

Akaenda gerezani mwenyewe, amevaa koti na skafu. Chumba cha Sikitu kilikuwa na paa la bati lisilo na dari, na wanawake waliokuwa humo walikaa wamebandika migongo ukutani. Kamishna alisimama mlangoni, akaitoa karatasi, na kwa mara ya kwanza maishani hakuhutubia.

"Mama, nimekuletea uhuru. Sema tu aliganda. Weka alama ya kidole hapa, jioni uko nyumbani."

"Na wale wa foleni?"

"Watarudi makwao. Nao watakuwa hawajaumizwa na kitu."

Sikitu aliishika karatasi ile, akaitazama kwa muda. Kamishna akaona anasitasita, akaongeza kwa upole: "Una mtoto, mama. Mfikirie mtoto."

Sikitu akamtazama usoni. Hasira aliyokuwa nayo tangu siku ile kwenye ngazi ilikuwa imeshajua pa kuelekea.

"Nilishawaambia aliganda," alisema. "Niliwaambia kwa sababu nilitaka apone, mkampasha moto mpaka akafa huku mnapiga makofi. Leo mnataka niseme tena ili wafe na wengine. Mwanangu nimemfikiria, mheshimiwa. Namfikiria kila nikifumba macho. Akikua atatafuta kazi, na ataitafuta hapa hapa."

Akamrudishia karatasi ikiwa safi kama ilivyokuja, akaenda kukaa na wenzake.